Dawa za kupunguza unene: kisa cha vidonge vya Guangzhou

Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaujua mji wa Guangzhou, kusini mwa China. Hufikia mitaa ya Xiaobei kununua nguo na simu, na si ajabu mtu kuagizwa na jamaa zake nyumbani dawa ya kupunguza unene.

Ndiyo maana tumeona tuwakumbushe wasomaji wetu kisa cha Slim 10. Vidonge hivyo vilitengenezwa na kampuni ya Yuzhitang ya Guangzhou na kuuzwa Singapore kama dawa ya mitishamba. Mwaka 2002 mwigizaji wa televisheni Andrea De Cruz alivitumia, na ini lake likaacha kufanya kazi. Alipona kwa sababu mchumba wake, Pierre Png, alimtolea sehemu ya ini lake. Mwanamke mwingine aliyevitumia alifariki dunia. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Singapore iliamuru De Cruz alipwe fidia ya karibu dola 900,000 za nchi hiyo.

Ndani ya vidonge mlikutwa naitroso-fenfluramini. Fenfluramini yenyewe ilikuwa imeondolewa sokoni Marekani mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Hii ni ile ile iliyogeuzwa kidogo, na hakuna uchunguzi wowote uliothibitisha kuwa ni salama kwa binadamu. Kwa hiyo waliofanyiwa majaribio ni wateja, tena kwa fedha zao! Mwaka 2002 mamia ya watu waliugua nchini Japan kwa dawa za namna hiyo kutoka China.

Majaribio ya kweli huendeshwa vingine. Semaglutidi, iliyoidhinishwa China mwaka 2024 kwa kupunguza uzito, ilijaribiwa kwa watu 1,961 kwa wiki 68. Walioipata walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9, na waliochomwa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Kichefuchefu na kuharisha viliwapata wengi, na yote yaliandikwa.

Sasa inatajwa retatrutidi. Katika jaribio la watu 338 lililotangazwa mwaka 2023, waliopewa dozi kubwa walipungua asilimia 24 kwa wiki 48. Hadi mwaka 2025 ilikuwa bado kwenye majaribio, lakini unga wenye jina hilo unauzwa kwenye intaneti katika vichupa vilivyoandikwa "kwa utafiti tu". Mnunuzi huuchanganya na maji mwenyewe na kujichoma sindano, bila njia ya kujua kilichomo.