Kabla ya Kutuma Arabuni ya Usukani Mpya wa Gari Yako ya Spoti

Juzi mteja wetu mmoja wa Nairobi alitupigia simu akitaka tumrudishie shilingi 28,000. Hakuwa ametapeliwa, angalau si kwa ile maana tuliyoizoea. Aliona usukani wa Nardi ukitangazwa mtandaoni, akaupenda, akatuma pesa yote kwa nambari ya simu aliyopewa, na kesho yake mzigo ukafika kwa basi kama alivyoahidiwa. Shida ilianzia gereji. Fundi aliuweka usukani juu ya bosi iliyokuwa tayari kwenye gari, akauzungusha hivi, akauzungusha vile, na matundu ya bolti yakakataa kulingana. Muuzaji naye akasema bidhaa ikishatoka dukani hairudi.

Ilibidi tumweleze jambo ambalo hakuna anayependa kulisikia. Ombi la kurudishiwa pesa hukusaidia ukikosea nambari, na hata hapo inategemea kama pesa bado iko kwenye akaunti iliyoipokea, ndiyo maana tunasema piga simu mapema. Lakini yeye hakukosea nambari. Alimtumia mtu aliyekusudia kumtumia, akapata kitu alichoagiza. Sisi hatuwezi kuvunja biashara ya watu wawili kwa sababu bolti hazikuingia.

Basi tumekaa na kuandika yale ambayo tungependa angeyajua kabla ya kuweka PIN. Nusu yake ni mambo ya usukani, nusu ni mambo ya pesa, na utaona huwezi kuyatenganisha.

Usukani mdogo unakupa nini hasa?

Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021 pale Naivasha, hamu ya kuvalisha Subaru na Toyota vitu vya rali imepanda, nasi hatumlaumu mtu. Mapenzi haya ni ya zamani. Kampuni ya Momo ilianzishwa Italia na dereva wa mashindano, Gianpiero Moretti, aliyetaka usukani unaomkaa vizuri mkononi. John Surtees aliutumia kwenye Ferrari yake akawa bingwa wa Formula 1 mwaka wa 1964. Nardi nao walipata jina kwa sukani za mbao zilizong'arishwa, ambazo hadi leo watu hutaka kuzigusa hata kama hawana gari.

Ila jua unachonunua. Usukani mdogo haubadilishi chochote kwenye mfumo wa kugeuza magurudumu ulio kule chini. Ukizungusha nusu duara, magurudumu yanageuka kiasi kile kile cha zamani. Kinachobadilika ni safari ya mikono yako na nguvu unayotumia. Chukua Toyota 86, iliyotoka mwaka wa 2012 ikiwa na usukani wa milimita 365, ambao Toyota wenyewe walijivunia kuwa mdogo kuliko wote waliowahi kuweka. Ukiweka wa milimita 350, ambao ndio ukubwa unaouzwa sana, mikono yako itapunguziwa kama sentimita tano kwa kila mzunguko kamili, na usukani utakuwa mzito kwa karibu asilimia 4. Kwenye 86, yenye msaada wa umeme, huenda usiuhisi uzito huo. Kwenye WRX STI, ambayo iliendelea kutumia msaada wa mafuta hadi mwisho wake, utauhisi ukiegesha mahali finyu. Chini ya milimita 330 hivi tungefikiria mara mbili kwa gari ya kila siku. Pia ukingo wa juu wa usukani mdogo unaweza kukaa sawasawa mbele ya mita ya mwendo, ukawa unainama kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka ili ujue unaenda kasi gani.

Sehemu kubwa ya raha unayoitafuta hutokana na unene wa mshiko na ngozi yenyewe, pamoja na kina cha usukani, yaani jinsi unavyokusogelea kifuani. Ukishalijua hilo, kuna njia ya bei nafuu tutakayoitaja hapa chini.

Kile unachokitoa kwenye gari

Hapa tunaomba usome polepole. Usukani uliokuja na gari yako una mfuko wa hewa, na juu yake pameandikwa SRS. Sukani nyingi za mashindano hazina. Gari ikigonga kwa nguvu mbele, mfuko ule hujaa ndani ya takriban sekunde 0.05, kabla kichwa chako hakijafika kwenye chuma. Ukiutoa, hakuna ngozi ya Italia itakayofanya kazi hiyo.

Jambo la pili, ambalo mafundi wengi hawalisemi: kwenye magari mengi, kompyuta ya SRS ikiona mfuko wa dereva haupo, huwasha taa nyekundu kwenye dashibodi na inaweza kuzima mfumo mzima. Maana yake aliyekaa kando yako naye amepoteza mfuko wake, na kile kifaa kinachokaza mkanda wakati wa ajali huenda kisifanye kazi. Wewe ulichagua. Yeye alipanda tu gari.

Ndipo fundi atakwambia, "Tunaweka rezista, taa inazima." Ni kweli, taa itazima. Rezista hudanganya kompyuta kwamba mfuko upo. Ina faida yake pale inapouacha mfumo uliobaki uendelee kufanya kazi, lakini mbele yako bado hakuna kitu, na atakayekununua gari hiyo kesho hatajua. Ukichagua njia hiyo, mwambie mwenye bima kwa maandishi. Fomu za bima huuliza kuhusu mabadiliko kwenye gari, na kunyamaza ndiko kunakoleta mabishano siku ya dai.

Kwa gari inayopeleka watoto shule Jumatatu na kwenda mbio Jumapili, maoni yetu ni kwamba usiutoe mfuko wa hewa. Mpe fundi wa ngozi usukani wako wa asili auvalishe ngozi mpya, aongeze unene pale kidole gumba kinapokaa, kisha mfuko wako ule ule urudishwe. Au tafuta usukani wa toleo la juu la gari hiyo hiyo, ule ambao mfuko na soketi zake zinafanana na zako. Hautapigiwa makofi kwenye mkutano wa magari kama Nardi, lakini vitufe vya redio na vya kubadilishia gia vitabaki vikifanya kazi.

Tahadhari moja ukinunua usukani uliotumika wenye mfuko wake. Mifuko ya Takata, iliyowekwa kwenye magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na wengine, ilisababisha mamilioni ya magari kuitwa kiwandani duniani kote. Kemikali ya ndani huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha ikilipuka hurusha vipande vya chuma. Takata yenyewe ilifilisika mwaka wa 2017, lakini spea zake bado zinazunguka. Omba nambari ya chasisi ya gari usukani ulikotoka, uiangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji. Muuzaji asiyejua ulitoka gari gani, hiyo pesa yako ikae mfukoni.

Matundu, bosi na ile siku ya gereji

Sasa turudi kwa mteja wetu. Usukani wa mashindano haufungwi moja kwa moja kwenye gari. Katikati huwekwa kipande ambacho mafundi hukiita bosi: upande mmoja una meno yanayoingia kwenye shafti ya gari yako, upande wa pili una matundu ya bolti za usukani. Meno ya Subaru si meno ya Mazda, kwa hiyo bosi hununuliwa kwa jina la gari na mwaka. Upande wa usukani, Momo, Sparco na OMP hutumia bolti sita kwenye duara la milimita 70. Nardi na Personal hutumia sita kwenye duara la milimita 74. Tofauti ni milimita nne, na ndizo zilizokula mapumziko ya Jumamosi ya mteja wetu. Kuna bosi zenye matundu ya aina zote mbili. Yake haikuwa hivyo, na hakuna aliyemuuliza.

Fundi akikwambia atayapanua matundu kwa drili, kataa. Hicho ndicho kitu pekee kinachokuunganisha na magurudumu.

Kazi yenyewe si ndefu ila ina mpangilio wake. Waya wa hasi wa betri hutolewa kwanza, halafu mnangoja. Maelekezo ya Toyota yanataka angalau sekunde 90 kabla ya kugusa mfuko wa hewa, kwa sababu umeme hubaki kwenye mfumo. Magurudumu yawe yamenyooka, na alama iwekwe kwenye shafti. Nati ya katikati ilegezwe lakini iachwe ikishikilia kidogo, kisha ndipo usukani uvutwe. Ukiitoa nati yote na kuvuta kwa nguvu, usukani utakuja ghafla hadi usoni. Waulize mafundi, wengi wana kovu la hadithi hiyo. Nyuma yake kuna utepe wa nyaya uliojikunja ndani ya kasha la plastiki. Usizungushwe ovyo, maana ukikatika, honi na mfuko wa hewa vyote vinakufa. Mwisho nati hukazwa kwa spana ya torki kwa kipimo cha mtengenezaji. "Nimekaza kabisa" si kipimo.

Pesa ifuate kitu, isikitangulie

Usitume bei yote mara moja. Kabla hata ya arabuni, muuzaji akutumie picha ya nyuma ya usukani, matundu yakiwa yanaonekana na rula imewekwa juu yake, pamoja na picha ya bosi na jina la gari lililoandikwa kwenye boksi. Picha ya mbele iliyopigwa machweo haikusaidii. Kisha mwandikie ujumbe mfupi: nanunua usukani fulani, kwa gari fulani ya mwaka fulani, usipoingia naurudisha na kurudishiwa pesa. Akijibu "sawa", umepata makubaliano ya maandishi. Akikwepa, umepata jibu vilevile.

Arabuni iwe kiasi ambacho ukikipoteza utaumia lakini utalala. Lipa kwa nambari ya till ya duka badala ya nambari ya mtu binafsi, na jina likitokea kwenye simu kabla ya PIN, lisome. Kama tangazo linasema duka la spea na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, simama hapo upige simu uulize. Ukisikia "till imeharibika, tuma tu kwa namba yangu, na uweke ya kutoa," ujue unaombwa uache ushahidi na ulipe ada juu yake. Salio lilipwe pale gereji, usukani ukiwa umejaribiwa juu ya bosi. Dakika tano za kupima mbele ya fundi zingemwokoa mteja wetu shilingi 28,000.

Ukiagiza nje, Japani kwa mfano, bei unayoona kwenye skrini si bei ya mlangoni kwako. Kuna usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za kuingiza mzigo. Uliza jumla kabla ya kulipa.

Hifadhi ujumbe wa muamala, usiufute ukipunguza meseji. Ile nambari ya muamala ndiyo tutakayokuuliza kwanza ukitupigia, na ndiyo utakayompa mwenye bima akitaka kujua usukani ulinunuliwa lini na kwa nani.

Na usukani wa zamani? Usikimbilie kuuuza. Siku ya kuuza gari, mnunuzi atauulizia. Uhifadhi mahali pakavu, mfuko wa hewa ukiwa umelazwa na kifuniko kikiangalia juu, mbali na watoto. Ukiamua kuuuza licha ya hayo, usimkabidhi mtu kwa sababu amekuonyesha meseji ya "umepokea" kwenye simu yake au yako. Meseji za uongo zinaandikwa vizuri siku hizi. Angalia salio kwenye akaunti yako mwenyewe, ulione limeongezeka, ndipo umfungulie geti.

Mteja wetu, kwa taarifa yako, alipata bosi ya milimita 74 wiki mbili baadaye. Safari hii alilipa salio akiwa amesimama kando ya gari.