Kutoka puani hadi gotini: gegedu linalooteshwa maabara limefikia wapi?

Katika hospitali ya chuo kikuu cha Basel, nchini Uswisi, tiba ya goti huanzia puani. Daktari humpa mgonjwa ganzi ya sehemu hiyo tu, kisha hukata kipande cha milimita 6 hivi kutoka kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua. Kipande hicho hupelekwa maabara. Baada ya wiki 4 hivi, hospitali hupokea bamba la gegedu jipya lenye urefu wa milimita 40, upana wa 30 na unene wa 2. Daktari mpasuaji hulikata kwa kipimo cha shimo lililo ndani ya goti la mgonjwa yuleyule na kulishona mahali pake.

Jambo hili lilianza kama jaribio kwa watu wachache. Leo limeshajaribiwa katika nchi kadhaa za Ulaya, na wanasayansi wanataka kulipeleka mbele zaidi: kwa watu ambao magoti yao yamesagika na ambao hadi sasa huambiwa wangojee goti la bandia. Swali ni kama gegedu hilo linaweza kweli kufanya kazi hiyo, na ni nani atakayefikiwa nalo.

Kiungo kisichojitibu

Gegedu ni ile ngozi nyeupe, laini na ngumu kidogo inayofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Kwenye goti unene wake ni milimita chache tu. Mtu anapotembea, goti hubeba mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake kwa kila hatua, na gegedu ndilo linalopokea mzigo huo na kuifanya mifupa iteleze bila kusuguana.

Tofauti na ngozi au mfupa, gegedu halina mishipa ya damu. Mkono ukikatwa, damu huleta seli za kuziba jeraha. Mfupa ukivunjika, huunga. Gegedu likichanika hakuna damu inayofika hapo, na seli zake ni chache mno: huchukua asilimia 1 au 2 tu ya ujazo wake. Sehemu kubwa ni maji na nyuzi za kolajeni. Chakula chake hutoka kwenye ute wa kiungo, ambao huingia na kutoka kila goti linapobanwa na kuachiliwa, kama sifongo.

Ugumu huu unajulikana tangu zamani. Mwaka 1743, daktari William Hunter aliwaandikia wanasayansi wa London kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Gegedu pia halina neva, na kwa hiyo mtu anaweza kuishi na shimo dogo bila kuhisi lolote, hadi mfupa ulio chini uanze kuguswa. Anapoanza kusikia maumivu makali, mara nyingi uharibifu umeshakwenda mbali.

Kwa miongo mingi, njia iliyotumika sana ni kutoboa matundu madogo kwenye mfupa ulio chini ya shimo ili damu ya uboho ipande na kuziba pengo. Pengo huzibwa kweli, lakini kinachoota ni tishu inayofanana na kovu. Haina uimara wa gegedu la asili, na kwa wagonjwa wengi nafuu hupungua baada ya miaka michache.

Gothenburg, 1994

Hatua kubwa ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1994. Madaktari wa Gothenburg, nchini Uswidi, wakiwemo Mats Brittberg na Lars Peterson, walieleza jinsi walivyochukua seli za gegedu kutoka sehemu ya goti isiyobeba mzigo mkubwa, wakazizidisha maabara kwa wiki kadhaa, kisha wakazirudisha kwenye shimo la goti hilohilo. Wagonjwa walikuwa 23, wenye umri wa miaka 14 hadi 48.

Matokeo yalitofautiana kwa mahali. Kati ya wagonjwa 16 waliokuwa na shimo kwenye ncha ya mfupa wa paja, 14 walikuwa na hali nzuri au nzuri sana baada ya miaka 2. Kati ya 7 waliotibiwa nyuma ya kifuniko cha goti, ni 2 tu waliofikia kiwango hicho.

Njia hiyo iliboreshwa baadaye. Badala ya kumimina seli zikiwa kwenye maji, wataalamu walianza kuzipandisha juu ya utando wa kolajeni, ambao hubandikwa kama kiraka. Mwezi wa Desemba 2016, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kiraka cha aina hiyo kwa ajili ya goti la watu wazima. Mwaka 2017, taasisi ya Uingereza inayoamua tiba zipi zilipiwe na huduma ya afya ya umma ilikubali tiba ya seli za gegedu, lakini kwa masharti: shimo liwe kubwa kuliko sentimita 2 za mraba, goti liwe halijawahi kufanyiwa upasuaji wa gegedu, na lisiwe limeanza kusagika sana.

Kwa nini pua?

Tatizo moja lilibaki. Seli za gegedu zikiwekwa kwenye sahani bapa ya maabara, huongezeka vizuri, lakini huanza kusahau kazi yake. Badala ya kutengeneza kolajeni ya gegedu, hutengeneza kolajeni ya kovu. Tena, seli za goti za mtu mwenye umri mkubwa huwa dhaifu, na kuzichukua ni lazima kulifungua goti ambalo tayari ni gonjwa.

Ndipo kundi la Basel, likiongozwa na Ivan Martin, likageukia pua. Seli za gegedu la pua huongezeka kwa urahisi, hukumbuka kazi yake vizuri zaidi, na umri wa mgonjwa hauziathiri sana. Pua yenyewe haipungukiwi na kitu kinachoonekana. Majaribio kwa mbuzi yalionyesha kwamba seli hizo, zikipandwa kwenye kiungo, hujifunza kuishi humo na kubeba tabia za seli za mahali hapo.

Mwaka 2014 kundi hilo lilitangaza kwamba limetumia gegedu lililooteshwa hivyo kurekebisha pua za wagonjwa 5 waliokuwa wamekatwa sehemu ya pua kwa sababu ya saratani ya ngozi. Mwaka 2016 likatoa taarifa ya wagonjwa 10 wa goti, wenye umri wa miaka 18 hadi 55. Baada ya miaka 2, waliofuatiliwa hadi mwisho walisema maumivu yamepungua na goti linatumika vizuri kuliko awali, na picha za mashine zilionyesha tishu mpya mahali palipokuwa na shimo. Lakini jaribio hilo lililenga usalama kwanza, na halikuwa na kundi la wagonjwa wengine wa kulinganishwa nao.

Wiki 2 zinaleta tofauti

Jaribio lililofuata lilikuwa pana zaidi. Matokeo yake yalitoka mwezi wa Machi 2025: wagonjwa 98, katika hospitali za nchi 4. Kundi moja lilipandikizwa kiraka kilichokaa maabara siku 2 tu baada ya seli kuwekwa kwenye utando, yaani kikiwa bado kichanga. Kundi la pili lilipewa kiraka kilichoachwa kwa wiki 2 hadi kikawa gegedu lililokomaa.

Makundi yote mawili yalipata nafuu. Tofauti ilionekana baadaye: wale waliopewa gegedu lililokomaa waliendelea kupata nafuu hata katika mwaka wa pili, wakawazidi wenzao. Waliofaidika zaidi ni wale wenye mashimo makubwa na wale ambao upasuaji wa kwanza ulikuwa umeshindikana. Hao ndio ambao tiba za kawaida huwaacha nyuma.

Hata hapa kuna la kuangalia. Jaribio lililinganisha aina mbili za tiba mpya. Halikulinganisha tiba mpya na mazoezi, wala na upasuaji wa kawaida. Ni hatua ya kweli, lakini halitoshi kusema kwamba kila mwenye maumivu ya goti anapaswa kutolewa kipande cha pua.

Shimo si sawa na goti lililosagika

Hapa ndipo matumaini mengi huchanganyika. Viraka vilivyoelezwa hadi sasa vimetengenezwa kwa ajili ya shimo: jeraha lenye mipaka, kwa kawaida la kijana aliyeumia katika mchezo au ajali, huku gegedu linalolizunguka likiwa bado zima. Goti la mzee lililosagika ni jambo lingine. Gegedu limekwisha sehemu kubwa, mfupa umebadilika, na ndani ya kiungo kuna uvimbe unaoendelea kula tishu yoyote inayowekwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 528 walikuwa wakiishi na ugonjwa huo wa kusagika viungo mwaka 2019, na goti ndilo linaloumizwa kuliko viungo vingine vyote, kwa watu milioni 365. Kwa walio katika hali mbaya, goti la bandia husaidia sana: takribani 82 kati ya kila 100 hudumu miaka 25. Lakini anayewekewa akiwa na miaka 40 ana uwezekano mkubwa wa kurudi tena kwenye chumba cha upasuaji akiwa mzee. Kwake yeye, kuahirisha chuma kwa miaka 10 au 15 ni faida kubwa.

Mwaka 2021 kundi la Basel lilieleza habari za wagonjwa 2 waliokuwa wamefikia hatua ya kuwekewa goti la bandia, na ambao walipandikizwa gegedu la pua badala yake. Wote wawili walipata nafuu. Katika maabara, seli za pua zilionyesha pia uwezo wa kuvumilia uvimbe, na hata kuupunguza. Watu 2 ni wachache mno kujenga hoja. Ndiyo maana majaribio mapya yameandaliwa kwa ajili ya watu ambao gegedu lililo nyuma ya kifuniko cha goti limesagika. Majibu yake ndiyo yatakayoonyesha kama njia hii itabaki ya vijana walioumia, au itawafikia pia wazee.

Na kwa mwenye goti leo?

Tiba hii inadai mambo mengi kwa pamoja: vyumba visivyoingia vumbi, umeme usiokatika hata saa moja kwa wiki nzima, wataalamu wa seli, usafiri wa haraka kati ya maabara na hospitali, na mashine za kupiga picha za kiungo. Gharama ya kuotesha seli za mgonjwa mmoja huko Ulaya hufika maelfu ya euro kabla daktari hajashika kisu. Mama anayepanda mlima na bidoni ya maji mgongoni, mwendesha chukudu wa Goma anayepiga goti moja juu ya ubao siku nzima, mchezaji wa kabumbu aliyeanguka vibaya uwanjani: hawa hawawezi kuingoja.

Lakini elimu iliyopatikana njiani haihitaji maabara, na inamhusu kila mmoja wao.

La kwanza, jeraha la goti kwa kijana si la kupuuzwa. Goti likivimba baada ya kuanguka, likikwama au likilegea wakati wa kutembea, lipimwe mapema. Kano au kipande cha gegedu kilichochanika ndani ya goti huongeza hatari ya kusagika miaka mingi baadaye.

La pili, goti linahitaji kutembea. Kwa kuwa gegedu hulishwa linapobanwa na kuachiliwa, kulilaza goti miezi mingi hakuliponyi. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja hupunguza maumivu, na ndiyo ushauri wa kwanza wa madaktari karibu kila nchi. Kwa aliye na uzito uliozidi, utafiti uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo 1 anayopunguza mtu hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua.

La tatu, si kila sindano ya goti ni tiba. Mwaka 2017, utafiti kwa wagonjwa 140 ulionyesha kwamba waliochomwa dawa ya steroidi gotini kila baada ya wiki 12, kwa miaka 2, walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupungua zaidi. Sindano moja inaweza kutuliza goti lililovimba. Kuirudia bila mwisho ni jambo la kumuuliza daktari.

La nne, kuna wanaouza sindano za "seli shina" wakiahidi kwamba zitaotesha gegedu jipya. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya mara kadhaa dhidi ya biashara hiyo. Gegedu la Basel lilipita kwa mbuzi, likapita kwa watu 10, kisha kwa watu 98, na bado waliolitengeneza wanaendelea kulipima. Anayeahidi goti jipya kwa sindano moja, na kutaka pesa kwanza, aulizwe alilipima kwa wagonjwa wangapi na matokeo yao yako wapi.