Mwese: Kilima Kinachozuia Mtandao Ndicho Kitakachoubeba

Mkazi wa milimani akitaka kupiga simu mahali penye mtandao hafifu, hupanda kilimani. Hajasomea redio, lakini amefanya jambo sahihi: ametafuta mahali ambapo simu na mnara vinaonana. Kwa Mwese, iliyo kwenye milima ya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, kanuni hiyo ndiyo mwanzo wa intaneti ya kasi.

Intaneti husafiri kwa hatua tatu. Ya kwanza ni Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa mwaka 2009 kuunganisha mikoa. Ya mwisho ni waifai, ambayo hufika makumi ya mita tu kutoka kwenye kifaa. Ngumu ni ya kati: kuutoa mtandao mjini hadi kijijini. Kuchimba mtaro wa nyaya milimani ni gharama kubwa. Redio mbili zenye madishi, zikifungwa kwenye vilele vinavyoonana, huweza kuvuka kilomita 30.

Kuonana kwa macho hakutoshi. Kwa redio za gigahezi 5 zilizo umbali huo, wimbi huhitaji nafasi wazi ya takribani mita 20 kila upande katikati ya njia. Miti ikiingia humo, kasi hushuka. Wenyeji ndio wanaojua kilima kipi kiko wazi na njia ipi hupitika wakati wa mvua.

Mahali pasipoonana kuna njia nyingine. Kondoa, mkoani Dodoma, mtandao wa jamii uitwao Kondoa Community Network ulianzishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dodoma na Internet Society, ukitumia masafa ya televisheni yaliyo wazi. Mawimbi hayo ni marefu kuliko ya waifai, hivyo hupenya majani na kuzunguka vilima vizuri zaidi. Kuyatumia kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Vifaa si kikwazo kikubwa kama wengi wanavyodhani. Redio ya wati 20 hutumia wati-saa 480 kwa siku, kiasi ambacho sola na betri za kawaida huweza kubeba. Ila kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu hutanda, kwa hiyo betri ipimwe kwa siku za mvua, si za jua. Mtandao wa kijijini unaweza kufa kwa betri iliyochoka ambayo hakuna aliyetengewa fedha za kuibadilisha.

Ndiyo maana umiliki una uzito kuliko mnara. Kaskazini mwa Uingereza, wanakijiji walianzisha mtandao wao wa intaneti uitwao B4RN mwaka 2011: walinunua hisa, wakulima wakaruhusu nyaya zipite mashambani bila malipo, wengine wakachimba mitaro wenyewe. Msaragambo wa namna hiyo si mgeni kwetu. Ndivyo tulivyojenga madarasa na zahanati.

Wana-Mwese, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kisheria kusaidia maeneo ambayo makampuni hayaoni faida. Uombeni, lakini msisubiri mikono mitupu. Mkutano mkuu wa kijiji ujao utenge eneo la kilele, uteue vijana wawili wa kufundishwa ufundi, na uamue shule, zahanati na chama cha ushirika vitachangia kiasi gani kila mwezi. Fungu la kwanza la michango hiyo liwe la betri.