Picha za Kale za Mungaa: Kuzitambua, Kuzihifadhi na Kuzieneza

Neno picha si la kale katika Kiswahili. Kabla halijaenea, watu walisema sanamu, na neno hilo lilibeba kwa pamoja kinyago, mchoro na mfano wa mtu. Kamera ilipozoeleka, lugha ilichukua jina la Kiingereza ikalipa kitenzi chake yenyewe: picha hupigwa, kama simu, pasi na chapa zinavyopigwa, kisha fundi huisafisha, maana kazi ya dawa na maji katika chumba cha giza imeitwa kusafisha tangu zamani. Msamiati wa kuitengeneza picha, basi, umekamilika. Uliopungua ni msamiati wa kuitunza baada ya miaka 50, wakati sura zilizomo hazina tena mtu wa kuziita kwa majina yao. Jambo hilo la pili ndilo shabaha ya makala haya, na mahali palipochaguliwa kuwa mfano ni Mungaa, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida.

Mungaa ni jina la kata na pia la tarafa, katika nchi ya Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Arimi. Karibu yake ni Makiungu, ambako masista wa shirika la Medical Missionaries of Mary, lililoanzishwa mwaka 1937 na Mother Mary Martin wa Ireland, walifungua hospitali katika miaka ya 1950. Nchi hiyo ndiyo inayotajwa katika masimulizi ya Liti Kidanka, mwanamke aliyewaongoza watu kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye husimuliwa kwamba aliwatuma nyuki juu ya askari. Uwanja wa mpira wa mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa unaitwa Liti kwa heshima yake. Mji mdogo, basi, lakini si mahali pasipo historia.

Sababu ya kuziharakia picha za mahali kama hapa haina budi kuelezwa wazi. Hadi miaka ya mwanzo ya Uhuru, Wanyaturu wengi waliishi katika miji iliyotawanyika, kila mji na tembe zake zenye mapaa bapa ya udongo, zizi lake, na mashamba ya uwele na mtama yaliyorutubishwa kwa samadi ya ng'ombe. Mwezi wa Novemba mwaka 1973 Serikali ilitangaza kwamba kuishi vijijini kutakuwa lazima kwa watu wote kabla ya mwisho wa 1976. Tembe iliyoachwa bila mtu haidumu: mvua huangusha udongo wa paa, mchwa hula nguzo, na baada ya miaka michache panabaki kichuguu. Kwa hiyo picha iliyopigwa uwandani kabla ya 1973 huenda ikawa ushahidi pekee wa jinsi mji fulani ulivyokaa: lango lilielekea wapi, malindo ya nafaka yaliwekwa upande gani, nani alijenga jirani ya nani. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa operesheni ile leo amepita miaka 70. Picha zaweza kungoja katika sanduku; yeye hawezi.

Picha zenyewe ziko katika makundi matatu, na kila kundi lina shida yake.

La kwanza ni zile za majumbani. Hizi ni picha za harusi, za kipaimara, za kuhitimu shule, za askari aliyekwenda vitani, na zile ndogo za kitambulisho ambazo pengine ndizo picha pekee za marehemu. Hukaa katika kopo la biskuti, katika Biblia, katika sanduku la bati chini ya kitanda, au katika fremu ukutani pamoja na kalenda. Kundi la pili ni la parokia, shule na hospitali. Mapadre Wapallotini wa Ireland waliingia Tanganyika mwaka 1940, nao pamoja na masista waliwaandikia wafadhili wao barua na majarida yenye picha. Kwa hiyo anayetafuta picha za kazi ya misheni katika nchi hizi atafanya vema kuuliza Dublin na Drogheda kama anavyouliza Singida. Kundi la tatu ni la maktaba na makumbusho ya ng'ambo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt inatunza zaidi ya picha 50,000 zilizokuwa mali ya Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, na Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wenye zaidi ya picha 7,000 za Afrika ya Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Mikusanyo yote miwili huonekana kwa mtandao, bila nauli ya ndege.

Hata hivyo, kuonekana kwa mtandao si kupatikana, na hapa suala linakuwa la lugha kuliko la kamera. Maktaba hutafuta kwa maneno, na maneno yaliandikwa na wageni. Afisa wa Kijerumani Eberhard von Sick alipochapisha habari za watu hawa mwaka 1915 aliwaita Waniaturu, na katika mabano akaongeza Walimi. Mwanaanthropolojia wa Marekani Harold Schneider, aliyefanya utafiti huko mwaka 1959 na 1960, aliwaandika Waturu na Wanyaturu, na kitabu chake cha 1970 kilihusu hasa fungu la Wahi. Wanaisimu huandika Rimi au Remi, na katika orodha ya Guthrie lugha hiyo ni F32. Mtafutaji atakayeandika Nyaturu peke yake atayakosa yote yaliyowekwa chini ya Turu, Niaturu, Rimi, Remi na Limi. Tahajia ya von Sick ina hatari nyingine: sauti r imegeuka l, na Walimi kwa sikio la Mswahili ni neno la kulima, mtu asiyejihadhari aweza kulijengea kosa hilo nadharia nzima juu ya jina la kabila.

Majina ya mahali nayo hudanganya. Wajerumani waliitawala nchi hii kutoka Kilimatinde na Mkalama. Waingereza waliiweka katika Jimbo la Kati, lenye makao Dodoma. Mkoa wa Singida ulianza 1963. Na Wilaya ya Ikungi ilikatwa kutoka Singida Vijijini mwaka 2012. Picha ile ile ya Mungaa, kwa hiyo, yaweza kulala chini ya jina lolote kati ya hayo, na hakuna mtunza maktaba wa ng'ambo atakayejua kuliunganisha na mengine. Mzaliwa wa Siuyu au Makiungu aliye na simu na subira atafaulu mahali aliposhindwa mtaalamu.

Hatua inayofuata, ambayo ndiyo moyo wa kazi, ni kuzitambua sura. Maelezo mengi ya zamani hayamtaji mtu: husema mwanamke wa kabila fulani, chifu na watu wake, wagonjwa wakingoja zamu. Hata katika picha za majumbani mume huandikwa jina na mke huandikwa mkewe. Kurudisha majina hakuhitaji mashine, lakini kunahitaji utaratibu. Mzee aonyeshwe picha bila kudokezwa jina, kwa maana anayeulizwa, "Huyu si fulani?" mara nyingi atakubali kwa adabu tu. Picha hiyo hiyo ipelekwe kwa mzee mwingine, peke yake, siku nyingine. Majibu yao yakipatana, vema. Yasipopatana, yaandikwe yote mawili pamoja na majina ya waliosema na tarehe. Inafaa kuanza na vitu kabla ya watu, kwa sababu kibuyu, kigoda au mlango wa tembe huamsha kumbukumbu na kumtoa msemaji katika hofu ya kukosea. Na maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa, kwa Kinyaturu, kisha yafasiriwe kwa Kiswahili. Asiyeyapata kwa Kinyaturu hujikuta ameandika "chombo" mara kumi kwa vyombo kumi vyenye majina mbalimbali. Kinyaturu kina toni, nayo haionekani katika maandishi ya kawaida, kwa hiyo kurekodi sauti kwa simu kutamfaa mwanaisimu kama kunavyomfaa mwanahistoria.

Tahadhari moja ihusuyo mashujaa. Masimulizi ya Liti yalichunguzwa na Marguerite Jellicoe katika makala yake ya 1969 katika Tanzania Notes and Records, na sifa zake zimezidi tangu hapo. Mtu akiwa na sifa namna hiyo, picha ya mwanamke yeyote wa kale yaweza kuvikwa jina lake, ikapita kutoka simu hadi simu mpaka ikachapwa katika kitabu cha shule. Kabla ya kuikubali, mtu aulize jina hilo liliandikwa na nani, lini, na alilijuaje. Picha isiyo na jina ni hasara ndogo kuliko picha yenye jina la uongo.

Kuhusu karatasi zenyewe, Singida ina bahati ambayo pwani haina. Hewa ni kavu, mvua hunyesha takriban kati ya Novemba na Aprili, na ukungu unaoharibu picha za Zanzibar na Mombasa hapa hauna nguvu sana. Maadui ni vumbi, mchwa, moshi wa jikoni na jua. Picha nyeusi na nyeupe ikitiwa katika bahasha ya karatasi, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, itadumu kuliko mwenyewe. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 hazina maisha hayo: rangi zake hufifia hata zikiwa gizani, na nyingi zimekwisha kuwa nyekundu, hizo zinakiliwe kwanza. Albamu zenye kurasa za gundi na nailoni zimeharibu picha nyingi kuliko mchwa. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu isibanduliwe. Inakiliwe pamoja na kioo chake. Isifutwe kwa kitambaa cha maji, wala isifungwe katika plastiki ya moto, ingawa mafundi wa mitaani huona kwamba ndiyo heshima kubwa kwa picha ya marehemu. Maandishi ya nyuma yawe ya penseli laini. Na filamu ambazo watu huzitupa wakiziona ni takataka zisitupwe, maana filamu nzima hutoa picha bora kuliko karatasi iliyochujuka. Filamu inayonuka siki imeanza kuoza, itengwe na nyingine. Zile za kabla ya miaka ya 1950 huenda zikawa za naitreti, ambayo hushika moto kwa urahisi. Hazina ruhusa ya kukaa karibu na taa ya chemli.

Kunakili ni rahisi siku hizi. Skana ya ofisini ikiwekwa nukta 600 kwa kila inchi inatosha kwa picha ya ukubwa wa kadi. Pasipo skana, simu nzuri itafaa, picha ikilazwa kivulini nje ya nyumba na simu ikishikwa sambamba nayo. Upande wa nyuma unakiliwe pia, kwa kuwa muhuri wa studio na maandishi ya mkono hukaa huko. Kila nakala ipewe namba, na namba hiyo iandikwe katika daftari lenye majina. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na maelezo yake hubaki katika ujumbe wa aliyetuma wa kwanza, njia hiyo ni nzuri kwa kuulizana, "Nani anamfahamu huyu?" lakini si ghala. Ghala ni nakala tatu mahali patatu: kwa mfano parokiani au shuleni, kwa jamaa aliye mbali, na katika taasisi yenye wajibu wa kutunza, kama Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo asili yake ni waraka wa Rais wa 1963. Picha yenyewe irudi kwa mwenyewe siku ile ile, mbele ya macho yake. Wakusanyaji wa History in Progress Uganda, kazi iliyoanzishwa 2011 na Andrea Stultiens na Rumanzi Canon, wameonyesha kwamba mkusanyo wa namna hii huwezekana pasipo jumba kubwa: picha za Musa Katuramu wa Mbarara zilijulikana na wengi kwa sababu ziliombwa kwa jamaa zake, zikanakiliwa na kuchapwa.

Linabaki swali la nini kienezwe. Kumiliki karatasi si kumiliki haki ya mpiga picha, ambayo inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 mtu aliye hai naye ana neno la kusema juu ya habari zake. Lakini sheria haifiki kila mahali. Wageni walipiga picha za jando na unyago ambazo hazikustahili kuonwa na wote, na kuwapo kwake mtandaoni huko Ulaya si ruhusa ya kuzitundika ukutani Mungaa. Vivyo hivyo picha za wagonjwa: mtoto mwenye utapiamlo, mkoma mwenye vidole vilivyokatika, mama aliyetoka kujifungua. Zilipigwa ili kuwaomba wafadhili wa mbali, na huenda wajukuu wa hao waliopigwa wakaketi kanisani kila Jumapili. Picha za namna hii zisichomwe. Zitiwe katika bahasha yao, na juu yake yaandikwe majina ya wazee, wake kwa waume, waliokaa na kuamua zisionyeshwe, pamoja na mwaka ambao jambo hilo litafikiriwa upya.