KINGA, MAJI NA NJIA ZA MLIMANI



Tangu mvua ya mwezi wa kumi na moja, njia yetu ya kutoka barabara kubwa mpaka kwenye madarasa imeharibika sana. Katikati imekuwa mfereji, na fasi nyingine mtu anaingia mpaka magoti. Wengi walisema: "Ni kinga za wale wanaotoka mbali." Sisi wa darasa la sita tulikubali vile, na tukaandika barua ya kumwomba Prefe akataze kinga zisipande tena huku juu. Lakini mbele ya kuipeleka, tulijifunza katika jeografia juu ya pwani moja ya Ulaya ambako watu wanashuka milima na kinga kila siku, na njia zao hazifi. Barua tukaiweka kwanza. Leo tunawaeleza sababu.

Ile pwani inaitwa Liguria. Ni jimbo la Italia, jembamba, limepinda kama mundu kando ya bahari ya Mediterane, tangu mpaka wa Ufaransa. Mji wake mkubwa ni Genova. Fasi tambarare ni kidogo sana, milima inashuka karibu kuingia baharini. Kwa hiyo wakulima wa zamani walikata milima kwa ngazi. Kila ngazi waliishika kwa ukuta wa mawe, bila simenti, wakapanda mizeituni na mizabibu. Msifikiri simenti ilikosa kwa umaskini tu. Ukuta usio na simenti uko na matundu, maji ya mvua yanapita polepole na ukuta haupasuki. Mwaka 2018 UNESCO iliandika ufundi huu kati ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu, kwa jina la inchi nane, na Italia imo.

Katikati ya mashamba yale kulikuwa njia za nyumbu. Nyumbu walipandisha chumvi na mafuta ya zeituni kwenda Piemonte, ng'ambo ya milima. Kiisha magari ya moshi na malori yakaja. Vijana wakaacha mashamba, wakaenda kutafuta kazi katika viwanda na katika hoteli za pwani. Kuta zikaanguka, miiba ikafunga njia. Na mlima usiotunzwa haukai kimya. Tarehe 25 Oktoba 2011, upande wa mashariki wa Liguria, mvua kubwa ilishusha matope na mawe juu ya vijiji vya Vernazza na Monterosso, na watu wakafa. Mvua ilikuwa ya ajabu, ni kweli, lakini ngazi zilizoachwa ziliongeza matope.

Upande wa magharibi uko mji unaoitwa Finale Ligure. Ulifanywa mwaka 1927 kwa kuunganisha miji mitatu midogo. Nyuma yake kuna bonde la Ponci, ambamo tunaona mpaka leo madaraja ya Waroma, yaliyo na zaidi ya miaka 1800. Juu zaidi, karibu metre 1000, iko fasi ya zamani ya askari wa NATO, ambayo imeachwa. Kutoka kule mtu wa kinga anaanza katika baridi ya msitu, anapita kati ya miti mirefu, kiisha mawe meupe ya chokaa, kiisha mizeituni, na mwisho anafika kwenye mchanga wa bahari. Tangu 1999 walifanya kule mashindano ya saa 24, usiku na mchana. Mwaka 2013, wakati shindano la dunia la enduro lilipoanza, duru ya mwisho ilifanyika Finale. Katika enduro kupanda hakuhesabiwi saa, ni kushuka tu kunakopimwa.

Labda mmoja atauliza: kinga gani inaweza kazi hiyo? Kinga ya mlimani ilizaliwa California, Marekani. Mwaka 1976 vijana walianza kushindana kushuka njia moja ya udongo karibu na mlima Tamalpais, na kinga nzito za zamani zenye frein ya torpedo, ile tunayoijua, ya kurudisha pedale nyuma. Torpedo ilipata moto, graisi ikatoa moshi, na kila safari walipaswa kuijaza upya. Kwa sababu hiyo njia ile iliitwa Repack, maana yake kujaza tena. Kutoka hapo zikaja frein bora, matairi mapana na vitesi vingi.

Sasa tufike kwenye maneno yenyewe. Watu wa Finale walifungua njia za nyumbu, wakachonga na nyingine mpya, na adui wao wa kwanza si gurudumu. Ni maji. Kule mvua kubwa inakuja wakati majira ya joto yanaisha, juu ya udongo uliokauka. Maji yakikuta njia inayoshuka moja kwa moja, yanaifanya mto wao. Kadiri yanavyokimbia ndivyo yanavyochimba. Basi wachonga njia wanafuata kanuni chache:

1. Njia ipite ubavuni mwa mlima, isishuke wima. Mteremko wa njia usipite nusu ya mteremko wa mlima wenyewe. Mlima ukiwa wa asilimia 40, njia isizidi 20. Na kwa urefu wake wote, vizuri isizidi 10 hivi, ndiyo kusema metre 10 kwa kila metre 100.

2. Njia iinamishwe kidogo upande wa bonde, maji yapite juu yake na kutoka, yasitembee ndani yake.

3. Kila baada ya hatua kadhaa njia ishuke kidogo, kiisha ipande kidogo. Katika ile fasi ya chini maji yanalazimishwa kutoka.

4. Fasi ya matope au ya kupinda kwa nguvu, wanapanga mawe.

5. Kiisha wanarudi. Njia nzuri si ile iliyochongwa mara moja, ni ile ambayo mtu anakuja nayo na jembe baada ya kila mvua.

Na kinga je, haina kosa? Iko nalo. Mtu akifunga frein mpaka gurudumu linaburuzika, anachimba. Akipita wakati udongo ni matope, anaacha mfereji tayari kwa maji. Lakini sikieni jambo lililotushangaza. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Wilson na Seney, walitoa habari ya majaribio yao katika milima ya Montana, Marekani. Walipitisha farasi, watu wa miguu, pikipiki na kinga, wakanyesha maji kama mvua, kiisha wakapima udongo uliotoka. Farasi na watu wa miguu walitoa udongo mwingi kuliko magurudumu. Kisigino kinavunja udongo, na maji yanaubeba.

Tuliposikia vile, tulinyamaza. Kinga zinazopanda hapa shuleni ni saba. Miguu ni ya sisi wote, mara nne kwa siku.

Tukachukua kamba, na mwalimu wa fizika akatusaidia kupima. Njia yetu inashuka metre 22 katika metre 100, na mlima wenyewe ni metre 22 katika 100. Maana yake njia inashuka wima kabisa, mara mbili ya kanuni. Hata tukikataza kinga zote, mvua ijayo itaendelea kuchimba. Tena mmoja wa wale saba anatoka kilometre 14. Kwa kinga anafika mbele ya ibada. Akiiacha kule chini itaibiwa, akitembea kwa miguu ataacha masomo. Karibu tumfukuze mwenzetu kwa kosa la maji na la visigino vyetu.

Barua ile tumeipasua. Tumeandika nyingine, na Prefe amekubali: Siku ya Posho, saa mbili asubuhi, kila darasa lilete majembe manne. Tutachonga njia mpya inayozunguka ubavuni. Itakuwa na metre 220 hivi badala ya 100, ni dakika mbili zaidi. Mfereji wa zamani tutaujaza mawe na kupanda majani. Wenye kinga watashuka kwa mguu siku za matope, wao wenyewe wamekubali.

Imebaki neno moja, na ni gumu kuliko jembe. Kengele ikilia, mtu mmoja ataona ni vema kukata moja kwa moja kama zamani. Wa pili atamfuata. Baada ya juma moja mfereji utakuwa umerudi. Tunawaomba, na sisi wakubwa tutaanza: tuzunguke. Someni Isaya 58, mstari wa 12, muone jina analopewa mtu anayetengeneza njia.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita, pamoja na wenzake