Manifodi ya Ombwe: Kazi ya Mkereza Vyuma katika Injini Zilizogeuzwa

Dereva atokaye Mpanda, mkoani Katavi, kuelekea Sitalike, gari limejaa abiria na mizigo, akikuta kundi la ng'ombe linakata barabara bila haraka yoyote, hukanyaga pedali ya breki kwa ncha ya kiatu, na gari lenye uzito wa tani mbili na ziada likatii. Na maadamu limetii, yeye hudhani kuwa ni mguu wake uliolisimamisha. Dhana hiyo ina kasoro kubwa. Sehemu kubwa ya nguvu iliyofanya kazi ilitoka katika hewa ituzungukayo sote, na kilichoipa hewa nafasi ya kusukuma ni ombwe, yaani utupu uliofanywa na injini yenyewe, ambao mafundi wa gereji huuita vakyumu. Gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani, habari za ombwe hilo hazimshughulishi mtu. Injini ikigeuzwa, ikapewa turbo, au kabureta zaidi ya moja, au ikapandikizwa katika gari ambalo halikuumbiwa, ndipo mwenye gari hutambua kuwa utupu nao una hesabu yake, na kwamba sharti ukusanywe pahali pamoja kabla ya kugawanywa.

Kwamba hewa ina uzito si habari ya jana. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli wa Italia alijaza zebaki katika bomba la kioo, akalipindua juu ya bakuli, na zebaki ikashuka hadi kimo cha milimita 760 hivi ikasimama, juu yake pakabaki pahali pasipo kitu. Haikupita miaka mingi Otto von Guericke, meya wa mji wa Magdeburg katika Ujerumani, akaunganisha vikombe viwili vikubwa vya shaba, akaivuta hewa iliyomo kwa pampu aliyoibuni mwenyewe, akafunga farasi pande zote mbili, nao wakashindwa kuvitenganisha. Walakini ilipita karibu karne tatu kabla ya Albert Dewandre, Mbelgiji, kubuni mwaka 1927 chombo cha kuitia nguvu hiyo katika breki za gari. Chombo hicho ndicho busta ya leo: kopo pana la bati lililogawanywa ndani kwa kiwambo cha mpira, upande wa mbele umetolewa hewa, na upande wa nyuma una mlango mdogo ambao hufunguka mguu ukanyagapo, hewa ya nje ikaingia kwa nguvu na kukisukuma kiwambo mbele. Kiwambo chenye upana wa inchi 9 kina eneo la sentimita za mraba 410 hivi. Ombwe likiwa zuri, kila sentimita ya mraba husukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 0.7, zidisha, nawe utapata zaidi ya kilo 280, kana kwamba magunia karibu matatu ya mahindi yameegemezwa juu ya breki kuusaidia mguu mmoja.

Hesabu hiyo ni ya pwani. Mpanda uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa imepungukiwa na karibu sehemu moja katika nane ya msukumo wake, kwa hiyo busta ileile itamsaidia mtu wa Katavi kidogo kuliko ilivyomsaidia mtu wa Tanga au Bagamoyo. Upungufu huo hauna hatari kwa gari zima. Gari lenye mabomba yavujayo, hata hivyo, huwa limepunjwa mara mbili, kwanza na mwinuko wa nchi, kisha na uzembe wa mwenyewe.

Injini ya petroli hujifanyia ombwe pasipo kukusudia. Pistoni ishukapo huvuta hewa, na dereva asipokanyaga ekseleta kilango cha hewa huwa karibu kimefungwa, hivyo pistoni huvuta dhidi ya mlango uliofungwa, na katika chumba cha manifodi, baina ya kilango na silinda, hewa huwa haba mno. Geji ikifungwa hapo, injini yenye afya iliyo katika sailensi, yaani ikinguruma bila ekseleta kukanyagwa, huonyesha inchi 17 hadi 22 za zebaki kwa mtu aliye pwani. Katika mwinuko wa Mpanda hupungua inchi tatu au zaidi ilhali injini haina kosa lolote. Naona jambo hili lisemwe waziwazi, kwa sababu tarakimu zinazotolewa katika vitabu vya gereji aghalabu ni za usawa wa bahari, na fundi azifuataye kama aya za msahafu anaweza kuifungua silinda hedi isiyo na ugonjwa.

Dizeli haina tabia hiyo. Aghalabu haina kilango cha hewa. Huvuta pumzi kamili wakati wote, na mwendo wake hutawaliwa na kiasi cha mafuta peke yake. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990, silinda sita na ujazo wa lita 4.2, haina ombwe la kujivunia katika manifodi yake, ingawa ni injini ambayo watu wengi wa barabara za vumbi huiamini kuliko nyingine. Ombwe la breki zake hutoka katika pampu ndogo inayozungushwa na injini yenyewe, na katika dizeli nyingi pampu ya namna hiyo hufungwa nyuma ya alteneta, ikizunguka pamoja nayo na kulainishwa kwa oili ya injini, na hewa inayoivuta huitema pamoja na oili ikirudi katika sampu. Ndiyo maana mtu abadilishaye alteneta kwa kutazama umeme tu, akanunua isiyo na pampu kwa sababu bei yake ni nafuu, hurudi nyumbani taa zikiwaka vizuri na breki zikiwa ngumu. Msiba huohuo humpata aondoaye injini ya petroli na kuweka ya dizeli akiiacha busta ya zamani ining'inie kwenye manifodi ambayo sasa haina cha kuipa.

Mabadiliko ya turbo yana mtihani wake. Katika injini ya petroli iliyotiwa turbo, manifodi ambayo dakika hii ina ombwe, dakika ijayo hujaa hewa iliyoshindiliwa, na hewa hiyo ikiruhusiwa kurudi katika busta huondoa msaada wote ambao dereva alikuwa akiutegemea. Hapana budi pawepo valvu ya njia moja, impitishe atokaye na kumzuia aingiaye. Ni kitu kidogo cha plastiki, na huvunjika kwa urahisi kwa mikono ya haraka.

Mtihani mkubwa zaidi ni wa kabureta nyingi au vilango vingi. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliposhinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki kwa Datsun 240Z, gari la aina hiyo lilikuwa na silinda sita zilizolishwa na kabureta mbili, na kiwanda kilikuwa kimeziunganisha pande zake mbili kwa bomba la kusawazisha, ili silinda za mbele zisivute kwa namna yake na za nyuma kwa namna nyingine. Watengenezaji wa injini za mbio walikwenda mbele wakaipa kila silinda kilango chake. Nguvu ikaongezeka, mwitiko wa ekseleta ukawa mwepesi, lakini chumba cha pamoja kikatoweka, na pamoja nacho likatoweka ombwe lililotulia. Tuseme sailensi ni mizunguko 750 kwa dakika: kila silinda huvuta mara 375 tu katika dakika hiyo, yaani mara sita hivi kwa sekunde, na baina ya mvuto na mvuto hakuna kitu. Ukiifunga busta au kipima-shinikizo kwenye silinda moja, kitapokea mapigo yanayokatika. Ukizikusanya nne, mapigo yanakuwa ishirini na tano kwa sekunde, yakikaribiana kiasi cha kuwa mkondo mmoja. Kukusanya huko ndiko kazi ya manifodi ya ombwe.

Kipande chenyewe hakina fahari ya kutazamwa. Huanza kama mche wa alumini, tuseme wenye pande za milimita 30 na urefu wa shibri moja hivi, ambao mkereza hubana katika mashine ya lezi kwa meno manne, akiupima na kuusogeza mpaka uzunguke bila kuyumba, kisha akaupitisha keekee ya milimita 14 katikati kwa urefu, akiacha nchi kavu ya sentimita moja upande wa mwisho ili asihitaji kuziba. Alumini ina hulka ya kung'ang'ania ncha ya keekee, kwa hiyo mkereza mzoefu huidondoshea mafuta ya taa na kuitoa keekee mara kwa mara ili chenga zitoke. Matundu ya ubavuni huja baadaye. Yale madogo hutobolewa kwa milimita 8.8, kisha hukatwa nyuzi za bomba za thumuni ya inchi, ambazo, kwa ajabu ya desturi ya mafundi bomba, upana wake wa nje unakaribia milimita 10. Na tundu la busta hutiwa nyuzi za thumuni tatu, kwa sababu bomba lake ni pana kupita yote.

Hapo ndipo kazi nzuri na kazi mbovu hutengana. Pale tundu la ubavuni linapokutana na la katikati hubaki kingo za chuma, nyembamba na kali, ambazo macho hayazioni na kidole hakizifikii. Mkereza mwenye subira huingiza kijiti kilichozungushiwa msasa, akasugua, akaosha kwa petroli, akapuliza kwa kompresa, akarudia. Asiyekuwa na subira hufunga nipeli na kudai ujira wake. Chenga iliyobaki itang'oka siku moja. Katika gari la petroli itamezwa na silinda, na kama kisanduku hiki cha ombwe kimefungwa kwenye gari la pampu, itakwenda kukaa katika mlango wa valvu ya njia moja, valvu isiweze kufunga. Wako pia watu wapendao kipande hiki king'arishwe kama kikombe cha ushindi. Sina ugomvi nao, ila mng'aro hauongezi ombwe hata chembe.

Mpangilio wa milango nao una adabu yake. Dereva anapoachia breki, hewa yote iliyoingia nyuma ya kiwambo hukimbilia injini kwa pumzi moja kubwa, na wote walio katika bomba hilo hutikisika. Kwa hiyo busta hupewa mlango ulio karibu kabisa na chanzo, tena ikiwezekana bomba lake peke yake; kipima-shinikizo na kirekebisha mafuta hukaa mbali, mwisho wa kisanduku, ambako pametulia. Mlango usiotumika huzibwa kwa skrubu yenye utepe wa mafundi bomba, na si kwa kipande cha mpira wa tairi kilichofungwa waya, mtindo ambao mtu atauona katika magari mengi kuliko inavyostahili.

Mpira huo una gharama katika Katavi kuliko pengine. Kuanzia Juni hadi Oktoba, Mto Katuma unapopungua na viboko kusongamana katika madimbwi, vumbi la njia zisizo na lami huwa laini mithili ya unga na huingia kila palipo na ufa. Bomba la ombwe lililopasuka huvuta vumbi hilo bila ya kupitia chujio. Katika petroli sailensi hupanda na kushuka, injini ikalalamika, na mwenye gari akaenda kwa fundi. Dizeli ya pampu hailalamiki: hunguruma vilevile, ilhali vumbi linapita katika pampu, linakwaruza mapezi yake, kisha linashuka pamoja na oili hadi kwenye sampu, ambako hulainisha mashine nzima kwa mchanga. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kuacha rundo la viungo vya plastiki na kuweka kipande kimoja cha chuma, hata kwa mtu asiye na haja ya mbio.

Kupatikana kwa kipande hicho si jambo gumu kama watu wadhaniavyo. Mpanda ni mji uliokuzwa na madini. Tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi, lilijengwa kwa ajili ya machimbo ya risasi, na baada ya risasi imebaki dhahabu ya wachimbaji wadogo. Penye karasha za mawe, na mashine za kukoboa mpunga, na pampu za maji, hapakosi kazi ya kukereza shafti na bushi, na awezaye kukereza bushi ya karasha kwa kipimo sahihi hawezi kushindwa na mche wa alumini. Chuo cha VETA kilichopo mjini hufundisha vijana ufundi stadi. Anachokosa mkereza aghalabu ni mchoro, maana mteja huja na maneno matupu. Afadhali aje na mabomba yake mkononi, yapimwe kwa vania mbele yake.

Nisije nikaeleweka vibaya: Land Cruiser isiyoguswa, yenye pampu nzima na mabomba mazima, haihitaji manifodi ya kukereza, na atakayemshauri mwenyewe ainunue anatafuta ujira.

Kazi ikishafungwa hujaribiwa kwa njia isiyotaka chombo. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu, usiuondoe mguu, kisha washa; pedali sharti izame kidogo chini ya mguu, dalili kuwa ombwe limefika. Zima tena, acha gari likae saa moja, ndipo ukanyage bila kuwasha: mkanyago wa kwanza unapaswa kuwa laini. Ukiwa mgumu, pahali panavuja, na fundi ataziba milango ya kisanduku mmoja baada ya mwingine, akijaribu kila mara, mpaka mlango mmoja umtajie bomba lenye hatia.