Jaketi la Rubani: Kila Mshono Una Sababu



Mwanangu kanunua jaketi la nailoni, kijani nje, bitana rangi ya chungwa. "Baba, fasheni hii." Nikamwambia kaa kitako nikueleze, na nyinyi nawaeleza.

Tuanzie angani. Katika Vita Vikuu vya Pili Wamarekani waliokuwa Uingereza waliipiga Ujerumani mchana kwa ndege aina ya B-17. Ilichukua watu 10 na kupanda futi 25,000, yaani kama mita 7,600. Kilimanjaro chetu ni mita 5,895 tu. Huko juu ni digrii 30 au 40 chini ya sifuri, na wakati wa baridi kali hata 50. Halafu ndege yenyewe haikuzibwa kama hizi tunazopandia kwenda nyumbani! Nimesimama chini ya moja iliyopo makumbusho ya Duxford: ni bati jembamba la aluminiamu, basi. Wapigaji bombomu wa ubavuni (bombomu ni neno la wazee wetu wa KAR, sioni sababu ya kulitupa) walisimama kwenye madirisha wazi, upepo unaingia wote. Ukivua glavu kuikwamua bunduki, ngozi ya kidole inabaki kwenye chuma. Mwaka ule wa kwanza wa mashambulizi, baridi iliwajeruhi wengi kuliko risasi za adui. Vidole vilikufa, vikakatwa.

Sasa lile jaketi la sinema, A-2, la ngozi ya farasi, lilipitishwa mwaka 1931. Ni zuri, lakini jepesi, halifui dafu mbele ya baridi hiyo. Kilichowasitiri watu ni ngozi ya kondoo, manyoya ndani. Waingereza walikuwa na la Irvin, Mmarekani aliyefungua kiwanda Letchworth mwaka 1926, na huyu huyu ndiye mtengenezaji wa miavuli ya kurukia. Zikaja pia nguo za umeme. Zile za mwanzo waya wake uliungwa kwa mfululizo, kwa hiyo ukikatika mahali pamoja, nguo nzima inazimika, na wewe uko juu ya Ujerumani.

Kwa njia, rubani kwetu pwani alikuwa mjuzi wa kuongoza vyombo vya baharini, kabla hajapanda angani. Neno limesafiri kuliko sisi.

Baada ya vita zikaja ndege za jeti. Chumba cha rubani kikawa finyu, manyoya yakawa mzigo. Ngozi nayo ikilowa mvua chini, kisha ukapanda juu, inaganda. Ndipo miaka ya 1950 ikaenea MA-1 ya nailoni. Ukosi mpana uliondolewa kwa sababu unagombana na mikanda ya mwavuli, ukawekwa wa kufumwa. Pingili za mikono na kiuno zimefumwa vilevile, upepo usipenye.

Na ile rangi ya chungwa, iliyoongezwa baadaye? Ndege ikianguka, rubani aliyenusurika analigeuza jaketi nje ndani ili waokoaji wamwone kwa mbali.

Kijana alinyamaza, akalivua, akaligeuza. Sasa analivaa hivyo hivyo, chungwa nje, na mama yake hataki kutoka naye.